Safari Yetu ya Dar es Salaam, na Yaliyotupata Tandika



Wengi wenu mmetuuliza habari za safari yetu ya Dar es Salaam, na baadhi yenu mmekwisha kusikia ya kuwa tuliibiwa huko. Ni kweli, tuliibiwa. Walakini habari iliyofika vijijini ni nusu yake tu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyo nzito. Tumeona yafaa tuiandike yote wala tusijifiche, kwa maana nyumba nyingi zina watoto walioko mjini kwa masomo au kwa kazi, na baada ya mavuno wengi watapanda magari kwenda kuwatazama.

Tulikuwa watatu, waalimu wawili na mama mmoja afundishaye wasichana kushona. Tulichukua shilingi 700,000, fedha iliyochangwa na wazazi kidogo kidogo, wengine kwa kuuza kuku, wengine kwa kuuza mahindi, ili tuwanunulie wasichana vyerehani viwili. Fedha hiyo karibu yote tuliifunga katika kipande cha kanga, tukaitia chini kabisa ya mkoba mmoja. Kosa letu la kwanza lilianza hapo nyumbani, kabla gari halijaondoka.

Toka Iringa mpaka Dar es Salaam ni mwendo wa kilometa 500 hivi. Gari huteremka Kitonga polepole, mlima upande huu na korongo upande huu, kisha hupita Mikumi, ambako twiga na tembo huonekana hata kando ya barabara, kisha Morogoro na Chalinze. Jua lilipokuwa likielekea kuchwa tukafika Mbezi, penye kituo kikuu cha mabasi kiitwacho Magufuli, kilichofunguliwa tarehe 24 Februari 2021 kushika mahali pa kile cha zamani cha Ubungo. Hicho ndicho mlango wa mji kwa watu wa bara.

Mji huu una jina jema. Sultani Majid wa Unguja alipoanza kujenga hapa katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, mji wake ukaitwa kwa jina la salama. Siku hizo ulikuwa mji mdogo kando ya bandari. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 walihesabiwa humo watu 5,383,728, yaani katika kila Watanzania 100 karibu tisa hukaa huko. Nao wengi hawakai katikati ya mji, bali katika mitaa ya pembeni: Mbagala, Charambe na Tandika upande wa Temeke, Mwananyamala, Tandale na Kawe upande wa Kinondoni. Huko ndiko wageni wa bara hufikia, kwani ndiko waliko ndugu zao.

Basi tuliposhuka Mbezi, mara akatujia kijana mmoja nadhifu, akainama kidogo, akasema, "Shikamooni, waalimu wangu. Poleni na safari. Mwaenda wapi?" Tukafurahi sana kwamba ametutambua kuwa waalimu, wala hatukujiuliza ametutambua kwa nini. Tukamwambia, Mbagala. Akasema magari ya Mbagala yamekwisha kwa siku ile, lakini rafiki yake ana motokaa, naye atatuchukua kwa bei ya kindugu. Huku akisema, alikwisha kushika kikapu chetu. Tukamfuata kama kuku wafuatavyo mtama.

Tulikuwa tumekwenda hatua hamsini hivi, ndipo mwanamke mmoja auzaye vocha za simu akatuita, "Baba zangu, magari ya Mbagala si hayo hapo?" Tukageuka, tukayaona, matatu kwa mstari, jina limeandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kioo. Tulipomgeukia kijana, kikapu kilikuwa chini, naye hayupo.

Usiku ule tulimweleza mwenyeji wetu, mzee ambaye amekaa Mbagala zaidi ya miaka thelathini. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akatuambia kwamba motokaa za namna ile huwa na watu wengine ndani. Mgeni huketishwa katikati yao, hunyang'anywa alicho nacho, na mwenye kadi ya benki huzungushwa mjini, akilazimishwa kutoa fedha katika mashine mpaka akiba yake iishe. Wazungu wamepatwa na hayo, na watu wetu wenyewe wamepatwa na hayo.

Kisha akatupa neno ambalo twawapa ninyi nanyi. Alisema, "Mgeni asikubali kuchaguliwa; na achague mwenyewe." Tukamwuliza maana yake. Akasema, "Katika watu mia mnaokutana nao kituoni, tisini na tisa wana shughuli zao, wala hawana haja na mali yenu. Ninyi mkimchagua mmoja na kumwuliza njia, karibu kila mara mtampata mmoja wa hao tisini na tisa. Lakini yule ajaye kwenu mwenyewe, mbio, na salamu tamu, huenda ndiye yule mmoja aliyebaki. Kwa hiyo mwulizeni mama auzaye chakula, mwenye duka, au konda aliye mlangoni mwa gari lake. Hao wana mahali pao, na kesho wataonekana pale pale."

Twaona neno hili ni la kweli. Tulipopima mioyo yetu tukatambua kwamba tulimfuata yule kijana kwa sababu tulikuwa na haya. Hatukutaka kuonekana washamba, wala hatukutaka kuuliza. Wahenga wetu walisema kuuliza si ujinga, nasi huwafundisha watoto methali hiyo kila mwaka, lakini tulipofika ugenini tukaiacha garini.

Siku ya pili tulikwenda upande wa Kinondoni, kumtazama mgonjwa wetu katika hospitali ya Mwananyamala, na jioni tukaenda kuona bahari huko Coco Beach. Njiani tuliona kwa macho yetu pikipiki ikipita na watu wawili. Yule wa nyuma akanyosha mkono, akamvua mama mmoja mkoba wake begani, wakaenda zao. Mkanda ulikuwa haujakatika, kwa hiyo mama alivutwa, akaanguka, akaumia goti. Mwenyeji wetu akatueleza kwamba aendaye kwa miguu kando ya barabara yampasa kuelekea magari yajayo, na mkoba auweke upande wa ukuta, asiuzungushe shingoni. Ukivutwa, auache uende. Mkoba hununuliwa tena, lakini shingo haina duka.

Siku ya tatu tukaenda Tandika, upande wa Temeke, kwani tulisikia kwamba yuko fundi huko auzaye vyerehani vilivyotengenezwa upya kwa bei nafuu. Hapa ndipo ilipo habari yenyewe.

Soko la Tandika ni kubwa, na kituo cha daladala kiko karibu nalo. Asubuhi watu hujaa pale kama siafu. Tulimkosa fundi, tukaambiwa turudi alasiri, basi tukataka kupanda gari kwenda Kariakoo kulinganisha bei. Gari lilipokuja watu wakasukumana mlangoni. Mtu mmoja mbele yetu akasimama kwenye ngazi kana kwamba amesahau kitu, mwingine nyuma yetu akatusukuma akisema, "Pandeni, wazee, pandeni!" Mambo hayo yalidumu kadiri ya kupumua mara tatu. Yule wa mbele akashuka, akasema si gari lake. Tulipoketi, mmoja wetu akatazama mkoba, na tazama, umechanjwa kwa wembe toka juu hata chini, na kile kipande cha kanga hakimo.

Tukapiga kelele, "Mwizi! Mwizi!" Twasema tulipiga, kwa maana tulipiga sote watatu, wala hakuna mmoja wetu awezaye kusema si yeye.

Wasomaji wetu, ninyi mnaokaa vijijini mwajua neno hilo lina nguvu. Lakini huko mjini lina nguvu ya moto katika nyasi kavu. Watu waligeuka, na kwa dirisha la gari wakamwona kijana mmoja, wa miaka kumi na sita hivi, akikimbia kando ya daladala nyingine iliyokuwa ikiondoka, na mkononi ameshika noti na sarafu. Hawakuuliza. Mmoja akamtega mguu, akaanguka. Wengine wakamkanyaga, wengine wakampiga kwa mawe na kwa fimbo za meza za sokoni. Tulisikia sauti ikisema, "Leteni tairi!" Sisi tulishuka garini tukasimama. Twaona haya kuandika kwamba kwa kitambo kidogo tulidhani fedha yetu itapatikana.

Ndipo akatokea mama lishe mmoja toka kwenye jiko lake, mwanamke wa makamo, na mwiko mkononi. Akapenya katikati yao, akajilaza juu ya yule kijana, akapiga ukelele, "Huyu ni mtoto wa mayai! Kila siku yuko hapa! Alikuwa akimkimbizia abiria chenji yake!" Watu wakasita, lakini hawakuondoka. Akainua kichwa, akauliza, "Nani aliyeibiwa?" Tukasema, "Sisi." Akatutazama, akasema, "Baba zangu, mmemwona kwa macho yenu huyu akichukua?"

Watu wote wakanyamaza wakatungoja sisi.

Twawaambieni kweli, jibu lile lilikuwa zito kinywani. Kusema kwamba hatukumwona ilikuwa kukiri mbele ya umati kwamba tumepiga kelele bure juu ya mtu tusiyemjua, na hasira yao ingeweza kutugeukia sisi. Lakini kama tungenyamaza kwa muda wa kuhesabu kumi, kijana yule angekufa. Tukasema kwa sauti kuu, "Hatukumwona! Siye! Mwacheni!" Watu wakatutukana, wakasema, "Mbona basi mlipiga kelele, wazee wazima?" Neno hilo lilikuwa haki yetu. Wakatawanyika mmoja mmoja, kila mtu akarudi kwenye biashara yake, kana kwamba hakikuwa kitu.

Kijana alikuwa amepasuka kichwa na mkono umevimba. Trei yake ya mayai ya kuchemsha ilikuwa imekanyagwa, na kachumbari imemwagika. Tulipomwinua alitusalimu, "Shikamooni," kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Kisha akasema, "Ile chenji ya abiria sikumpa." Mkononi bado alishika shilingi 1,500.

Tulimpeleka kwanza kituo cha polisi kupata hati ya PF3, maana mtu aliyepigwa huandikiwa hiyo kwa ajili ya matibabu, kisha zahanati. Alishonwa nyuzi sita. Fedha ya matibabu na ya mayai tuliitoa katika shilingi 60,000 ambazo mmoja wetu alikuwa ameziweka mbali, ndani ya soksi. Kama zote zingalikuwa mkobani, tusingalikuwa hata na nauli ya kumpeleka.

Jioni tulirudi kwa yule mama lishe kumshukuru. Tulimweleza kwamba fedha ile haikuwa yetu, ilikuwa ya wazazi. Alitusikiliza, akatupa chai, akasema, "Poleni. Lakini fedha hutafutwa, baba zangu. Mtoto huyu mngalimtafutia wapi?" Hakusema zaidi, wala hatukuwa na la kumjibu.

Twajua sote ile habari ya msafiri aliyeangukiwa na wanyang'anyi katika njia ya Yeriko. Kila mara tulipoifundisha tulijiona sisi ni yule Msamaria, au tukizidi unyenyekevu, ni yule msafiri. Huko Tandika msafiri alikuwa muuza mayai, na waliomwangusha tulikuwa sisi. Wala jambo hili si la Tandika tu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimeandika katika taarifa zake, mwaka baada ya mwaka, habari za mamia ya watu waliouawa na makundi yenye hasira katika nchi yetu. Katika hao, ni wangapi waliokuwa wakikimbiza chenji?

Sasa twawapa mashauri machache, ambayo yametugharimu.

La kwanza, msisafiri na fedha nyingi mkononi. Tangu mwaka 2008 fedha hutumwa kwa simu hapa kwetu, na mabenki yana mawakala hata vijijini. Tungaliweza kuiweka ile 700,000 katika simu na kuitoa mbele ya fundi mwenyewe. Ya matumizi ya siku wekeni mfuko mmoja, na akiba kidogo mahali pengine, mbali na mkoba.

La pili, simu nayo ina wezi wake. Msimwambie mtu yeyote namba ya siri, hata akisema ni mtumishi wa kampuni ya simu. Ukiletewa ujumbe usemao ile fedha itume kwa namba hii, usitume, hata kama siku hiyo ulikuwa na deni la mtu. Mpigie mwenye deni kwa namba unayoijua, usikie sauti yake. Namba ya tapeli yaweza kupelekwa kwa ujumbe kwenda 15040, kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

La tatu, fikeni mjini mchana, na kabla ya kuondoka mjue jina la kituo, jina la mtaa, na namba ya simu ya mwenyeji, imeandikwa katika karatasi, kwa maana simu yaweza kuibiwa pamoja na namba zilizomo. Katika basi msipokee kinywaji wala biskuti toka kwa msiyemjua. Wako waliolala Morogoro wakaamka Mbezi bila mizigo.

La nne, katika daladala mkoba uwe kifuani, na simu isishikwe karibu na dirisha lililo wazi. Mtu akizuia mlango mbele yenu na mwingine akisukuma nyuma, shukeni, ngojeni gari lingine. Gari la pili huja baada ya dakika chache.

La tano, na hili ndilo tulilokusudia tangu mwanzo: mkiibiwa, msipaze sauti juu ya mtu ambaye hamkumwona kwa macho yenu akitenda. Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa, nendeni polisi, au pigeni simu namba 112. Andikisheni shauri mpate ile hati watu waiitayo RB. Huenda mali isirudi. Yetu haikurudi. Lakini mtarudi nyumbani na mikono safi.

Na yule aendaye mbali zaidi, Nairobi au Muscat au Ulaya, ashike hayo hayo, na aache nyumbani nakala ya pasi yake na ya hati zake.

Tuliporudi tuliwaita wazazi tukawaeleza yote, kama tulivyowaeleza ninyi. Tukasema tutailipa fedha ile katika mavuno mawili. Kulikuwa na kimya. Kisha baba mmoja, aliyekuwa ameuza mbuzi kwa ajili ya mchango, akasimama, nasi tukangoja kukemewa. Akauliza, "Je, yule kijana alipona?"

Alipona. Mwezi uliofuata yule mama lishe alitupigia simu akasema mtoto wa mayai amerudi kituoni na trei yake, ila mkono wa kushoto haujapata nguvu vizuri. Cherehani kimoja tumekwisha kukinunua. Cha pili twakingoja. Wasichana hushona kwa zamu, na kila tunaposikia cherehani kile kikilia twamkumbuka yeye.

Someni habari hii jioni pamoja na watoto wenu, hasa wale wanaojiandaa kwenda mjini. Wafundisheni kuchagua wa kumwuliza njia, na wafundisheni kulichunga neno "mwizi" kuliko wanavyochunga mfuko.